Kushuku, kutilia shaka, kudhania na kutuhumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanaoandika Kiswahili kila siku na kulazimika kumtaja mtu ambaye hawamwamini: katibu wa kikundi anayeandaa muhtasari wa kikao, mwandishi wa habari anayeripoti kukamatwa kwa mtu, mwalimu anayesahihisha insha, hata shangazi anayetaka kumwonya binti wa kaka yake bila kumvunjia mtu heshima. Mifano mingi imetoka Tanga, ambako maneno haya husikika sokoni, msikitini, mahakamani na barazani, na ambako kuweka moja mahali pa jingine kunaweza kugombanisha nyumba mbili.

Kushuku maana yake nini hasa?

Kushuku ni kumwazia mtu moyoni kwamba ametenda jambo baya, au kwamba ana nia mbaya, ilhali huna uthibitisho. Mambo yote matatu yanahitajika: mtu, ubaya na kukosekana kwa uthibitisho. Pasipo na ubaya, tunachofanya kinaitwa kukisia au kudhani. Uthibitisho ukipatikana, mtu hashuku tena, anajua. Ndiyo maana sentensi kama "Nashuku mgeni atafika kesho" haikai vizuri sikioni, isipokuwa kama ujio wa mgeni huyo unaogopwa.

Tena kushuku hukaa ndani. Mtu anaweza kumshuku jirani yake miaka mingi, huku akimwamkia asubuhi na jioni, na jirani asijue lolote. Siku atakapolisema jambo hilo mbele ya watu, atakuwa ametoka katika kushuku na kuingia katika kutuhumu, ambalo ni tendo jingine lenye wajibu wake.

Je, maneno haya yote yametoka katika Kiarabu?

Mengi ndiyo. Shaka na shuku yana shina moja la Kiarabu lenye maana ya kutokuwa na yakini, na dhana, tuhuma, wasiwasi na nia yameingia kwa njia hiyohiyo. Hata hivyo Kiswahili kiliyagawia kazi zake chenyewe, na kujua asili ya neno hakutoshi kukuonyesha namna linavyotumika leo.

Kuna tofauti gani kati ya kushuku na kutilia shaka?

Shaka hupenda kushika jambo, na shuku humshika mtu. Chukua kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, mfano wa vile vinavyokutana Ngamiani kila wiki. Fedha zimehesabiwa juu ya mkeka, noti za elfu kumi upande huu, za elfu mbili upande ule, sarafu ndani ya bakuli, na jumla haikubaliani na daftari: zimepungua shilingi 15,000. Mwanachama wa kwanza anasema, "Hesabu hii naitilia shaka, naomba turudie." Wa pili anasema, "Mimi namshuku mweka hazina." Upungufu ni uleule na wote wawili wameuona kwa wakati mmoja, lakini wa kwanza amegusa daftari na wa pili amemgusa mtu. Hesabu ikirudiwa na ikaonekana kwamba hisa za mama mmoja ziliandikwa mara mbili, kauli ya kwanza itafutika pamoja na kosa lenyewe. Kauli ya pili haitafutika, kwa sababu mweka hazina ameshajua namna anavyofikiriwa na mwenzake.

Inawezekana pia kumtilia shaka mtu, na watu husema hivyo kila siku. Ukisema "Namtilia shaka fundi huyu", msikilizaji anaweza kukuuliza shaka yako ni ya nini: ujuzi wake, afya yake, ahadi yake ya kumaliza kabla ya Ramadhani, au uaminifu wake. Ukisema "Namshuku fundi huyu", hakuna haja ya swali hilo, kwa kuwa umeshagusa uaminifu. Anayeandika rasmi na aliye na hata nafasi ndogo ya kukosea anafanya vyema kuchagua shaka kwanza.

Mbona watu husema "amepata mashaka" wakiwa na maana ya tabu?

Kwa sababu wingi wa shaka umepata maana ya pili, yaani dhiki, taabu na hali ngumu. "Mashaka ya dunia" ni masumbuko ya maisha. Kwa hiyo "Nina mashaka naye" ni kumtilia shaka, na "Nimepata mashaka kwake" ni kuteseka mikononi mwake. Kitenzi na neno dogo la mwisho ndivyo vinavyobadilisha habari yote.

Kudhani na kudhania ni kitu kimoja?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo ningependa lipewe muda mrefu kuliko mengine. Kudhani peke yake ni kitenzi cha upole. Anayesema "Nadhani basi la Pangani limeshaondoka" hamlaumu yeyote. Kikinyambuliwa kikawa kudhania, na kikapewa mtu wa kubebeshwa jambo, hali hubadilika. "Wananidhania mimi" ni malalamiko kamili, hata kama msemaji hakutaja wanamdhania nini, kwa sababu kila anayesikia anaelewa kuwa si heri.

Kutoka hapo ndipo tunapopata dhana mbaya, na hili, kwa maoni yangu, ndilo neno sahihi kuliko yote kwa tabia ya kutoamini nia za watu. Mwenye kushuku huwa na tendo baya kichwani: wizi, uongo, usaliti. Mwenye dhana mbaya anaweza kuwa na tendo jema mbele yake, akalikubali kuwa limetendeka, kisha akalitafutia sababu mbaya. Mkaza mwana amekuja Ijumaa na kikapu chenye changu wawili wakubwa, nazi na ndimu, akakiweka jikoni kwa mama mkwe wake, akaanza kuparua samaki bila kuambiwa. Hakuna anayebisha kwamba ameleta. Lakini mama mkwe akimnong'oneza dada yake, "Leo kakumbuka njia ya huku, bila shaka ana shida ya fedha," basi kikapu kimepokewa na aliyekileta amekataliwa. Hiyo ndiyo dhana mbaya ikitazamwa kwa karibu, na haihitaji kosa lolote ili izaliwe.

Wanaohudhuria mawaidha wanalijua neno hili vizuri. Katika Qurani, Surat Al-Hujurat, aya ya 12, waumini wanaamrishwa kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Kisha wanakatazwa kupelelezana, kisha kusengenyana. Mpangilio huo unastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha pia, kwa sababu ndivyo mambo yanavyofuatana mitaani: mtu huanza kwa kudhania, akafanya upelelezi ili dhana yake ipate chakula, kisha akaenda kuisimulia. Kinyume chake masheikh hukiita husnu dhana, na wengi wetu husema tu dhana njema, au kumdhania mtu kheri, au kumtafutia udhuru. Upande wa Wakristo, katika Biblia ya Kiswahili, waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 6 aya ya 4, kuna "shuku mbaya", nayo imewekwa safu moja na husuda, ugomvi na matukano.

Lakini dhana si wazo la kitaaluma?

Ni hilo pia. Vitabu vya shule na vyuo husema "dhana ya uhuru" au "dhana ya fasihi" bila kumshuku mtu yeyote. Hakuna mgongano, mradi uandike dhana mbaya kwa ukamilifu pale unapozungumzia nia za watu.

Wasiwasi una nafasi gani hapa?

Wasiwasi ni neno laini kuliko yote, kwa kuwa mzigo wake unabebwa na msemaji. Ukisema "Nina wasiwasi naye", umeeleza hali ya moyo wako mwenyewe, na huyo unayemsema hajapakwa kitu. Kwa sababu hiyo wazee hulitumia wanapotaka kuonya: "Mwanangu, huyo kijana anayekuja kukuposa sina neno naye, ila nina wasiwasi na haraka yake." Binti ameonywa, na kijana hajatukanwa.

Usilitumie hata hivyo mahali ambapo una ushahidi wa kutosha, kwa kuwa litaonekana kama kukwepa. Tena kumbuka kwamba wasiwasi una maana nyingine ya kidini: ni ule mnong'ono wa kutia shaka unaotajwa katika Surat An-Nas, na mtu mwenye wasiwasi wa namna hiyo anaweza kurudia kutawadha mara nyingi kwa kutoamini kuwa udhu wake umetimia. Hapo hamshuku mwenzake, anajishuku mwenyewe.

"Si bure", "ana lake jambo" na "hapa kuna namna" ni misemo ya kushuku?

Ni misemo ya dhana mbaya, na ina nguvu kuliko vitenzi vyote vilivyotajwa juu. Mtu akijitolea kuchimba kisima cha mtaa, mmoja barazani akasema "Si bure," mazungumzo yote yanageuka. Hakuna aliyeambiwa kosa ni lipi. Hakuna aliyetajwa kuwa mwizi. Kimebaki kivuli tu, na kila msikilizaji anakijaza kwa anachokifahamu au anachokiogopa. "Ana lake jambo" na "ana lake moyoni" hufanya kazi hiyohiyo, na "hapa kuna namna" huhamisha shaka kutoka kwa mtu kwenda kwenye mpango mzima, kwa mfano zabuni, uchaguzi wa kikundi au mgawanyo wa viwanja.

Ubaya wa misemo hii ni kwamba haijibiki. Anayetuhumiwa kuchukua shilingi 15,000 anaweza kuleta daftari na stakabadhi, akaita mashahidi, akajitetea. Anayeambiwa "si bure" alete nini? Akikaa kimya, wataona amekubali. Akijieleza, watauliza kwa nini anajieleza sana. Katika mazungumzo ya kahawa misemo hii haiepukiki, na mara nyingine inabeba hekima ya watu walioumizwa kwelikweli na ahadi tamu. Katika maandishi rasmi haina nafasi, na mwandishi anayehisi kuwa jambo fulani si bure anapaswa aulize, atafute, kisha aandike alichokipata.

Vijana nao wana yao: "machale yamenicheza" kwa hisia ya ghafla kwamba kuna hatari, na "nimemshtukia" kwa kugundua hila ya mtu. Angalia kwamba kumshtukia mtu kunadai zaidi ya kumshuku, maana msemaji anajiona amekwisha kuijua hila yenyewe.

Kutuhumu, kushtaki, mtuhumiwa, mshukiwa, mshtakiwa: lipi ni lipi?

Kutuhumu ni kusema kwamba mtu fulani ametenda kosa, kabla ya kosa hilo kuthibitishwa. Tuhuma ni nomino yake, na hutumika hivyohivyo katika umoja na wingi: tuhuma hii, tuhuma hizi. Kushtaki ni kulipeleka jambo hilo mbele ya chombo chenye mamlaka ya kuliamua.

Kwa hiyo anayeshikiliwa kituoni kwa tuhuma za wizi ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa shtaka, anakuwa mshtakiwa. Hata hapo bado hajawa mwizi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Vichwa vya habari vinavyosema "Mwizi wa pikipiki akamatwa" vinavunja roho ya ibara hiyo kwa neno moja, na neno la kuvitengeneza lipo tayari.

Kuhusu mshukiwa, jambo hili ni la mpaka. Magazeti na redio za Tanzania huandika na kusema mtuhumiwa. Ukivuka mpaka pale Horohoro ukaingia Lunga Lunga, upande wa Kenya, na kuendelea hadi Mombasa, utamsikia mtangazaji akisema mshukiwa kwa mtu wa aina hiyohiyo. Yote mawili ni Kiswahili. Anayewaandikia wasomaji wa Tanga atumie mtuhumiwa, na asimsahihishe Mkenya kana kwamba amekosea.

Mahakamani shaka nayo ina kazi yake rasmi: upande wa mashtaka katika kesi ya jinai unatakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka la msingi, na panapobaki shaka la namna hiyo, mshtakiwa ndiye anayefaidika nalo. Kwa maana hiyo sheria inaliheshimu shaka linalomwokoa mtu, na hairuhusu shuku peke yake imtie hatiani.

Je, kuchukua tahadhari si kushuku?

Si kushuku, na wanaochanganya mambo haya mawili huumizana bila sababu. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutunza fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, ili sanduku lisifunguke mpaka wote watatu wawepo. Utaratibu huo haumshuku yeyote kati yao. Uliwekwa kabla hawajachaguliwa, na unamlinda mwenye ufunguo dhidi ya dhana za wenzake kama unavyozilinda fedha. Vivyo hivyo mnunuzi kwenye mnada wa samaki anayefunua mashavu ya jodari kuona kama bado ni mekundu anamkagua samaki, na mvuvi mwenyewe angemshangaa kama asingefanya hivyo. Dalili ya kutofautisha ni hii: tahadhari humhusu kila mtu kwa kipimo kimoja, na shuku humchagua mmoja.

Kuna neno moja la mtu asiyeamini kabisa kwamba binadamu anaweza kuwa na nia njema?

Hakuna neno moja lililokubalika, na haja hiyo hutokea zaidi kwa wanaofasiri kutoka lugha za Ulaya. Huko jina la mtu wa namna hiyo, kwa Kiingereza "cynic", limetokana na wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ambao jina lao linahusishwa na neno la Kigiriki la mbwa. Aliyejulikana zaidi ni Diogenes wa Sinope, wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anayesimuliwa kuwa alitembea mchana na taa akidai anamtafuta mtu. Wanafalsafa hao walikuwa wakidharau mali, cheo na adabu za kujionyesha, na walisifu maisha ya uadilifu. Maana ya kuwadhania watu wote ubaya ilikuja baadaye sana, kwa hiyo si haki kumbebesha Diogenes maana hiyo yote.

Kwa Kiswahili "mtu wa dhana mbaya" kunatosha mahali pengi. Ukihitaji ukamilifu zaidi, sema "asiyeamini nia njema ya mtu yeyote". Usiseme "mwenye shaka", kwa kuwa mwenye shaka anaweza kuwa mwanasayansi mzuri anayetaka ushahidi, wala "mwenye roho mbaya", kwa kuwa wengi wenye dhana mbaya ni watu wema waliowahi kutapeliwa. Kiswahili kinawajua watu hao: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Methali zetu zinaunga mkono kushuku au zinakataza?

Zinafanya yote mawili, na mzungumzaji huchagua ile inayomfaa. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja" huunga mkono uvumi. "Kikulacho ki nguoni mwako" humwelekeza mtu kuwaangalia walio karibu naye. Upande wa pili ipo "Mdhaniwa ndiye, kumbe siye", ambayo naiona ni ya haki kuliko zote mbili, kwa kuwa imetoka kwa watu walioshuhudia mtu asiye na kosa akinyooshewa vidole. Katika kikao cha usuluhishi, kuitaja methali ya kwanza peke yake ni kuelemea upande mmoja.

Ni makosa gani ya sarufi yanayotokea mara nyingi?

Kitenzi shuku hakibadilishi irabu ya mwisho katika ukanushi wala katika hali ya kuamuru: simshuku, usimshuku, tusimshuku. Kauli yake ya kutendwa ni shukiwa, nayo inafanana kabisa na shukiwa inayotokana na kushuka, ile ya "alishukiwa na Roho Mtakatifu"; pale ambapo msomaji anaweza kuchanganyikiwa, andika "anashukiwa kuwa ameiba" ili maana ijitokeze, au tumia anatuhumiwa kama jambo limeshatamkwa. Shaka katika Kiswahili sanifu huchukua upatanishi wa li-, kwa hiyo "shaka lolote", ingawa "shaka yoyote" husikika kila mahali, na "shaka yako" imezoeleka hata katika maandishi ya watu makini. Shuku na shukuru hayana uhusiano wowote.

Niandikeje katika muhtasari wa kikao bila kumchafua mtu?

Andika kilichoonekana, andika nani aliuliza, na andika kilichoamuliwa. Vitenzi vya moyoni viache nje. "Wanachama wanamshuku mweka hazina" ni sentensi ambayo katibu hawezi kuithibitisha, kwa kuwa hakuingia mioyoni mwao, na daftari litakaa miaka mingi baada ya jambo lenyewe kwisha. Mwanachama akitamka tuhuma kikaoni, iandike kuwa ni kauli yake, pamoja na majibu ya aliyetuhumiwa, na yote mawili yapewe urefu unaolingana. Kwa tukio la shilingi 15,000 lililotajwa juu, maneno haya yanatosha: "Ilionekana kwamba fedha taslimu zilipungua shilingi 15,000 kulinganisha na daftari. Mwanachama mmoja alitilia shaka hesabu na kuomba irudiwe. Hesabu ilirudiwa mbele ya wote, ikabainika kuwa hisa za mwanachama mmoja ziliandikwa mara mbili. Daftari lilirekebishwa, na mweka hazina, mwenyekiti na katibu waliweka saini."